Foča: Mji wa Mto Drina na Msikiti wa Rangi

Msafiri atokaye Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, akashika njia ya kusini-mashariki, hupanda milima kwanza, kisha huteremka bonde baada ya bonde kwa mwendo wa kilomita kama 75, mpaka aufikie mto mpana wenye maji ya kijani. Mto huo ndio Drina. Na hapo Drina ipokeapo maji ya mto mdogo uitwao Ćehotina pana mji usio mkubwa, umebanwa na milima pande zote, na jina lake ni Foča. Wenyeji hulitamka "Focha". Huenda wengi katika wasomaji wetu hawajapata kulisikia jina hili. Walakini katika habari za Waislamu wa Ulaya ni jina zito, la fahari na la huzuni pamoja, na kila nyumba ya Kiislamu yenye vijana wapendao kujua habari za ndugu zao wa mbali yafaa ilijue.

Kwanza yapasa tuondoe dhana moja. Watu wengi wakisikia Waislamu wa Ulaya hudhani ni wahamiaji waliokwenda huko kutafuta kazi. Waislamu wa Bosnia si hivyo. Hao ni Wazungu wa asili ya Kislavi, wenye lugha moja na jirani zao Waserbia na Wakroati, ambao babu zao waliingia katika Uislamu kidogo kidogo tangu karne ya kumi na tano, wakati dola ya Kiothmani ilipoitwaa nchi yao. Madhehebu yao ni ya Imamu Abu Hanifa. Na ingawa lugha yao iko mbali sana na Kiswahili, mtu wa pwani yetu akiketi nao barazani atashangaa. Hunywa *kahva*, nasi twanywa kahawa. Mtaa wao huuita *mahala*, neno la asili moja na mahali letu. Wakisalimiana wao kwa wao husema *merhaba*, nasi twaitikia marahaba. Nia kwao ni *nijet*, thawabu ni *sevap*, akhera ni *ahiret*, na wakfu ni *vakuf*. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, mengine yakapanda merikebu kuja kwetu, mengine yakapita Istanbul na kuvuka milima ya Balkani, na leo hii yamekuwa mali ya watu wawili wasiojuana.

Tuurudie mji wetu. Kabla ya Waothmani Foča ulikuwa mji wa soko, ukiitwa Hotča, nao ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka bandari ya Dubrovnik, katika bahari ya Adriatiki, ikielekea mashariki. Farasi walipita hapo na chumvi na nguo, wakarudi na ngozi, nta na madini ya milimani. Waothmani walipouteka, yapata mwaka 1465, waliona upesi thamani ya mahali hapo. Mwaka 1470 wakaufanya makao ya gavana wa mkoa wote wa Herzegovina, na heshima hiyo ikadumu miaka mia moja hivi. Katika miaka hiyo mji ulipata misikiti, vyuo, hamamu, nyumba za wageni na mitaa ya mafundi. Sultani Bayezid wa Pili alijengewa msikiti hapo mnamo mwaka 1501, nao ukaitwa Msikiti wa Sultani. Mafundi wa Foča walisifika kwa visu vyao.

Lakini jengo lililoufanya mji huu utajwe kila mahali lilikuja nusu karne baadaye. Alikuwako mtu aitwaye Hasan, ofisa wa dola aliyekuwa mwangalizi wa mapato ya serikali, na kwa ajili ya kazi yake hiyo akaitwa Nazir, neno la Kiarabu lenye maana ya mwangalizi. Mnamo mwaka 1550 aliukamilisha msikiti karibu na makutano ya mito ile miwili. Mjenzi wake aitwa Ramadan-aga, na yasemwa kuwa alikuwa katika wasaidizi wa yule mhandisi mkuu Sinan aliyejenga misikiti mikubwa ya Istanbul. Msikiti wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa chumba kimoja cha mraba chini ya kuba moja, na mbele yake baraza yenye nguzo nne za marumaru na kuba tatu ndogo, na mnara mwembamba wa mita kama 36. Sifa yake haikuwa ukubwa, ila uwiano wa viungo vyake na nakshi zake. Mihirabu na mimbari zilichongwa katika jiwe kwa ustadi wa ajabu, na kuta zikapakwa maua na majani kwa rangi mbalimbali, ndani na hata katika ile baraza ya mbele. Watu wakauita *Aladža*, neno la Kituruki lenye maana ya wenye rangi nyingi. Jina la mwenyewe likakaa nyuma, jina la rangi likabaki. Mwaka 1664 alipita hapo msafiri mashuhuri wa Kiothmani, Evliya Çelebi, mtu aliyekwisha ona misikiti ya nchi nyingi, naye akausifu sana.

Katika karne ya kumi na nane alitokea mwana wa Foča aliyepanda daraja mpaka akawa waziri wa Bosnia nzima, Mehmed Pasha Kukavica. Huyo naye hakuusahau mji wake. Aliujengea msikiti, na mnara wa saa ambao wenyeji huuita *sahat-kula*. Tuukumbuke mnara huo wa saa, maana una habari yake mbele.

Ama nchi inayouzunguka mji, ni nchi ambayo Mwenyezi Mungu ameipamba kwa wingi. Eneo la halmashauri ya Foča ni zaidi ya kilomita za mraba 1,100, karibu yote milima na misitu. Upande wa kusini, mpakani mwa Montenegro, mito miwili iitwayo Tara na Piva hukutana, na pale ikutanapo ndipo Drina ianzapo, nayo husafiri kilomita 346 mpaka kuingia mto Sava. Tara hupita katika korongo ambalo kina chake hufika mita 1,300, na siku hizi vijana wa mataifa mengi huja kuteremka maji yake kwa mashua za mpira. Biashara hiyo huwalisha watu wengi wa huko. Pale pale mpakani pana mlima Maglić, mrefu kuliko yote ya Bosnia na Herzegovina, mita 2,386, na chini yake msitu wa Perućica, mmoja wa misitu michache ya Ulaya ambayo haijapata kuingia shoka la mkata miti. Dubu na mbwa mwitu wangali humo. Msitu huo umo katika Hifadhi ya Taifa ya Sutjeska, iliyotengwa mwaka 1962, ya kwanza katika nchi hiyo.

Jina la Sutjeska latuingiza katika vita. Mwezi wa Mei na Juni mwaka 1943 majeshi ya Ujerumani na Italia na washirika wao yaliwazingira katika mabonde hayo wapiganaji wa Tito, na zaidi ya elfu saba katika wapiganaji hao wakafa kabla wenzao hawajapenya. Sanamu kubwa ya ukumbusho ya zege, mfano wa mbawa mbili za jabali, ilisimamishwa Tjentište mwaka 1971. Na mwaka mmoja kabla ya vita hivyo, tangu Januari hadi Mei 1942, mji wa Foča wenyewe ulikuwa makao makuu ya Tito, na hapo ndipo zilipotolewa kanuni za kwanza za utawala wa wapiganaji wake.

Hayo huandikwa katika vitabu vya shule. Yasiyoandikwa sana ni yaliyowapata Waislamu wa bonde la Drina katika miaka ile ile. Wanamgambo wa Kiserbia walioitwa Chetnik waliingia Foča mwishoni mwa mwaka 1941 na tena mwezi wa Agosti 1942, na mara zote mbili wakawachinja Waislamu, wengine juu ya daraja lenyewe, miili ikatupwa mtoni. Mwezi wa Februari 1943 walipita katika vijiji vya Pljevlja, Čajniče na Foča, na taarifa ya kamanda wao mwenyewe kwa wakuu wake yataja kuuawa kwa wapiganaji wa Kiislamu kama 1,200 na watu wengine kama 8,000, wanawake, wazee na watoto. Mtu aandikapo hesabu kama hiyo kwa mkono wake, akiiona kuwa habari ya ushindi, msomaji hana haja ya kuongezewa neno.

Baada ya vita hivyo watu wakarudi, wakajenga, wakaishi. Yugoslavia ya Tito haikuruhusu mambo ya zamani yasemwe kwa sauti, na pengine jambo hilo liliwapa watu pumzi, pengine liliacha donda chini ya kitambaa; wenyewe hawajakubaliana mpaka leo. Serikali iliuweka Aladža katika orodha ya majengo yanayolindwa, na wageni walikuja kuutazama kutoka mbali. Hesabu ya watu ya mwaka 1991 ilikuta katika halmashauri ya Foča watu 40,513. Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na Waserbia wa madhehebu ya Orthodoksi wakawakaribia. Walikaa mtaa mmoja, walifanya kazi kiwanda kimoja, walizikana. Lakini mwaka 1990 palitokea mgogoro wa wafanyakazi katika kampuni ya mabasi ya mji, na mgogoro wa mishahara na vyeo ukageuka kuwa wa Waislamu na Waserbia, kila upande na mikutano yake na viongozi wake. Wazee waliokumbuka mwaka 1941 walianza kunong'ona.

Tarehe 8 Aprili 1992 mizinga ilianza kupiga mji, na kwa muda wa siku kumi hivi Foča yote ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Waserbia. Vijiji vilichomwa kimoja kimoja mpaka katikati ya mwezi wa Julai. Wanaume wa Kiislamu, mamia yao, walitiwa katika gereza kuu la mji, na wengi wao walitolewa usiku wasionekane tena. Mabinti na akina mama walizuiliwa katika nyumba za watu, katika shule, na katika ukumbi wa michezo uitwao Partizan, wakavunjiwa heshima kwa miezi mingi. Haya si maneno ya upande mmoja. Yalichunguzwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa huko The Hague, wanawake wenyewe walisimama mbele ya mahakimu wakasema, na tarehe 22 Februari 2001 wanaume watatu walihukumiwa vifungo vya miaka 28, 20 na 12. Kabla ya hukumu hiyo mahakama ile haikuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa la kuwafanya wanawake watumwa kwa njia hiyo, na mahakimu wakaliita jinai dhidi ya ubinadamu. Wanawake wa Foča ndio walioufungua mlango huo kwa ajili ya wanawake wa nchi nyingine, kwa ushahidi ambao wengi wetu tusingeweza kuutoa hata mbele ya jamaa zetu.

Haki yataka isemwe pia kwamba tarehe 19 Desemba 1992 askari wa upande wa Waislamu walishambulia kijiji cha Waserbia cha Jošanica, katika eneo lile lile, wakaua makumi ya wanakijiji, watoto wakiwamo. Mwislamu hana ruhusa ya kulificha hilo kwa kuwa waliotendewa makubwa zaidi ni ndugu zake.

Na misikiti? Ililipuliwa yote ya mjini. Msikiti wa Sultani uliokuwa umesimama karibu miaka mia tano haukuachwa. Aladža ulitegwa baruti mwaka 1992, baada ya mji kutekwa, wakati ambapo hapakuwa na vita tena katika mitaa yake wala adui wa kujificha mnarani. Kifusi kilisombwa kwa magari, na mahali pale pakasawazishwa pakawa kiwanja kitupu. Mnara wa saa wa Mehmed Pasha ndio uliosalia, nao ungaliko. Kisha mji ukapewa jina jipya, Srbinje, yaani mji wa Waserbia. Mwisho wa vita, mwaka 1995, katika watu zaidi ya elfu ishirini Waislamu waliobaki mjini walikuwa kama kumi tu.

Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya nchi ilibatilisha jina hilo na Foča ikawa Foča tena. Mwaka huo huo akina mama walionusurika walitaka kuweka kibao cha ukumbusho katika ukumbi wa Partizan, wakazuiwa na kundi la watu wa mji. Mkataba wa amani uliwapa wakimbizi haki ya kurudishiwa nyumba zao, na wengi walirudishiwa kwa karatasi. Lakini nyumba si ukuta na bati tu. Yule ambaye jirani yake alimfungia mlango, au alimwonyesha kwa kidole, aona vigumu kulala humo. Wengi waliuza, wakabaki Sarajevo au katika nchi za Ulaya ya magharibi walikokimbilia, na watoto wao wakakua wakiijua Foča kwa safari za likizo. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta katika halmashauri watu wapatao 18,000, na Waislamu hawafiki mmoja kwa kila kumi. Mji una hospitali na chuo cha madaktari, una wanafunzi, una watalii wa mto. Hauna wale watu wake.

Katika hali hiyo ndipo lilipoanza jambo la kuujenga upya Aladža. Uchimbaji uliofanywa kando ya mto baada ya vita ulikuwa umefichua vipande vya mawe yake yaliyozikwa. Mafundi waliosoma michoro ya zamani walivitambua vipande hivyo, hiki cha nguzo, hiki cha mimbari, vikasafishwa na kuhesabiwa. Serikali ya Uturuki kwa idara yake ya wakfu ilitoa sehemu kubwa ya gharama, na msaada mwingine ukatoka Marekani. Kazi ilichukua miaka. Mawe mapya yalichongwa kwa kipimo cha yale ya kale, na ya kale yaliyofaa yakarudishwa mahali pake, hata mwenye macho makini huweza kuona katika ukuta mmoja jiwe lililolala ardhini na jiwe lililotoka machimboni juzi.

Wako waliouliza, na swali lao si la kipuuzi, kwamba kuna faida gani kutumia mali nyingi kusimamisha msikiti katika mji usio na watu wa kuujaza. Si afadhali fedha hizo zijenge nyumba za waliorudi, au ziwatafutie vijana wao kazi, wapate sababu ya kukaa? Mimi naona swali hilo lina nusu ya haki. Mji hauishi kwa mnara. Lakini wakfu, kwa sheria yetu, haufi kwa kuondoka watu. Hasan Nazir aliitoa ardhi ile kwa ajili ya sala, na haikurudi kuwa mali ya mtu kwa kuwa ililipuliwa. Tena yule aliyeusawazisha uwanja ule alitaka mtoto atakayezaliwa Foča mwaka 2000 asijue kwamba Waislamu walipata kukaa hapo. Dhidi ya nia hiyo nyumba kumi za waliorudi, kwa thamani yake yote, hazitoi jibu ambalo kuba na mnara hulitoa kwa kila apitaye barabarani.

Tarehe 4 Mei 2019 msikiti ulifunguliwa. Maelfu ya watu walikuja kutoka pande zote za Bosnia na kutoka ughaibuni, Raisi wa Maulamaa wa nchi akiwapo na wageni wa Uturuki, wakasali katika uwanja mzima kwa kuwa ndani hapakuwatosha. Kesho yake wageni wakaondoka. Waliobaki ni imamu na waumini wachache wa mji na vijiji, wengi wao watu wazima. Majira ya joto safu huongezeka, jamaa wa ughaibuni wajapo na watoto wao wanaosema lugha za Ulaya, wakawaonyesha palipokuwa nyumba ya bibi. Majira ya baridi, theluji ikifunga njia za milimani, hupungua tena. Adhana yasikika katika bonde mara tano kwa siku vile vile.

Aushukaye mto kutoka Foča, kuelekea Goražde, hukikuta kijiji cha Ustikolina, ambacho tangu mkataba wa mwaka 1995 kina halmashauri yake na wakazi wake wengi ni Waislamu. Pana msikiti hapo wa Turhan Emin-beg, ambao wenyeji huuhesabu kuwa wa kwanza kujengwa katika Bosnia yote, kabla hata Waothmani hawajaimaliza nchi. Uliharibiwa katika vita vya mwaka 1941, ukajengwa. Ukabomolewa tena mwaka 1992, ukajengwa mara nyingine. Hapo safu hujaa zaidi, na wazee wa Foča waliokosa nafsi ya kurudi kulala mjini wengine wamejenga karibu na hapo, mahali ambapo waweza kuona mto ule ule ukishuka kutoka kwao.